Kuku Wangu Hawakufa

Mtaa wetu mzima wa Kilibula ulijua kwamba kuku wangu hawafi. Kuhara kulipita kwa kuku wa majirani wote, wangu wakaendelea kutaga. Kila asubuhi nilifungua kapsuli mbili za tetra, dawa ya kuua vijidudu, zile nyekundu na njano, nikamwaga unga wake katika maji yao ya kunywa. Hawakuwa wagonjwa. Kinga ni bora kuliko tiba, na mimi ni mtu wa kufuata methali.

Mume wangu ni fundi cherehani. Siku moja alikubali kunisaidia kukarabati banda, bati lenye mavi likamkata gumba la kulia. Tulifanya kama kila mtu kwetu: nikafungua kapsuli kutoka kopo la dawa ya kuku, nikanyunyiza unga kwenye kidonda. Dawa ilikuwa ya watu, kuku waliazima tu.

Baada ya wiki gumba lilikuwa limevimba na kunuka. Hospitalini walimpa dawa, halikusikia. Wakabadilisha, halikusikia. Usaha ukapelekwa labo kupimwa. Siku hizo nilimtazama akijaribu kushika mkasi kwa vidole vinne, nikaogopa kwelikweli. Fundi asiyekata kitambaa hana kazi.

Daktari alirudi na karatasi. Alisema vijidudu hivyo vimezoea karibu kila dawa aliyo nayo, akauliza kama mgonjwa humeza tetra ovyo. Nikasema hapana, hata ya malaria humeza kwa kubembelezwa.

"Sasa ni nani anaikunywaka pale nyumbani?"

"Kuku," nikasema. "Kila siku. Miaka mitatu."

Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Alieleza polepole kwamba ndani ya kuku vijidudu dhaifu vilikufa, vikabaki vile sugu, vikatoka na mavi na kuingia kwenye kidonda. Niliona aibu.

Wakakata gumba ili kuokoa mkono.

Majirani walikuja kutupa pole. Mama mmoja, alipokwisha kutoa pole, aliniuliza huwa natia kapsuli ngapi, kwani kuku wake wameanza kuhara. Nikamkatalia, nikamweleza yote. Aliangalia kuku wangu walionona, akaniona mchoyo. Mume wangu akainua mkono wenye bandeji.

"Mama, kuku zake ziko bazima," akasema. "Angalia bwana yake."

Aliangalia, akasikitika sana, akaaga. Jumatatu nilimwona anatoka famasi, ameficha kitu ndani ya kitenge. Nilimwita mara mbili. Hakugeuka.