Fundi Aliyeushona Mtaa Mdomo

Kidole gumba cha kulia cha yule mama fundi cherehani kilikuwa na cheo. Vile vingine tisa vilikuwa vidole tu, vya kushika sindano na kujikunia, lakini hicho kimoja watu walikiogopa. Akipita njiani walikitazama kidole kwanza, kisha uso, wasije wakawa wamemkosea mkubwa.

Cheo kilianzia kwenye maji. Mtaa ule maji yalikuwa ya mgao: mara moja kwa wiki, kwa saa moja, na saa yenyewe hawakuijua hata waliokuwa wakiyafungua. Mara nyingi yalikuja Jumamosi, lakini yalikuwa na kiburi kuliko bwana harusi. Yanafika mchana watu wako sokoni, yanamwagika, yanaondoka, ukirudi unakuta bomba limebakiza tone moja la kukusimanga. Basi fundi akafungua kundi kwenye simu, akaliwekea picha ya ndoo ya bluu, akaingiza mtaa mzima; kuingiza na kutoa mtu ikawa kazi ya kidole hicho tu. Anayejua kusoma akaandika, asiyejua akabonyeza akasema kwa sauti.

Mkwewe, yaani mama mzaa mumewe, nyumba yake ilikuwa juu kabisa kwenye mwinuko, na bomba lake ndilo lililoonja maji kabla ya mengine yote. Huyu alipewa kazi moja tu: bomba likianza kukohoa, aliwekee simu mdomoni likohoe humo. Maneno ya nini? Kikohozi kile kikiingia kwenye simu, kho kho khaaa, soko zima linasimama. Siku moja muuza mkaa alimwacha mteja na gunia kichwani akakimbia na ndoo tatu, na alivyokuwa na mbio alifika nyumbani maji yakiwa bado njiani, ikabidi ayasubiri. Kinyozi naye alimwacha mtu nusu ya kichwa, na huyo mtu hakulalamika, maana alikuwa mbele, anakimbilia ndoo yake.

Kundi la maji likawa la kila kitu. Misiba humo, mbuzi waliopotea humo, nani katupa takataka kwa nani, humo. Vikongwe ambao mkutanoni hawakuwahi kupewa nafasi, kwa sababu msemaji alitakiwa kuandika jina lake kwenye karatasi, sasa walisema mpaka simu zikapata homa. Kikongwe mmoja alitoa ujumbe wa dakika kumi na moja juu ya mtaro wa maji machafu, akapumzika, akanywa chai, akatoa mwingine. Kesho yake asubuhi mtaro ulizibuliwa. Miaka kenda ulikuwa umeziba!

Zamani mwenye kauli alikuwa mwenyekiti wa mtaa, kwa sababu ndiye aliyekuwa na kipaza sauti na mhuri. Akisema kuna mkutano, upo, asiposema, haupo. Sasa mhuri ulikauka wino, na ndani ya kipaza sauti buibui alihamia na familia yake. Buibui akipiga chafya humo, inasikika mpaka sokoni.

Na fundi mwenyewe? Hakuwa na raha. Mguu mmoja kwenye kanyagio la cherehani, jicho moja kwenye simu. Nani kasema nini? Nani kakasirika? Nani atolewe, nani arudishwe? Alimshonea mtu shati lenye mikono miwili upande mmoja, akaambiwa, "Fundi, huu wa pili ni wa kumsalimia nani?" Hata akilala, kidole chake kilibonyeza shuka.

Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la ofisi ya mtaa, chini ya dirisha la mwenyekiti. Mahali pengine pa kuiweka hakuwa napo. Mumewe alikuwa dereva wa lori, anaonekana nyumbani kwa kuandama kama mwezi, na chumba walichopanga kilikuwa kidogo hivi kwamba ukitaka kugeuka kitandani unatoka nje kwanza. Baraza lile likimtoka, cherehani ataiweka juu ya kichwa.

Sasa ikafika wiki ambayo Jumamosi yake mtaa ungechagua mwenyekiti upya. Aliyejitokeza kupambana na mwenyekiti wa zamani ni mwalimu mstaafu, mama mmoja mkavu asiyecheka bila sababu. Jumatatu mwalimu aliuliza swali moja kwenye kundi: lile bomba linaloingia nyuma ya nyumba ya mwenyekiti, lisilokauka wiki nzima, limetokea wapi? Basi! Kundi likachemka kama sufuria iliyosahauliwa.

Jumatano mchana dirisha likafunguka juu ya kichwa cha fundi.

"Fundi, dada yangu."

"Naam, mwenyekiti."

"Hivi hilo kundi lako lina mlango?"

"Mlango?"

"Mlango. Wa kufunga."

Fundi akaacha kukanyaga. Ulikuwapo. Ukibonyeza mahali fulani, watu wote wanabaki kusikiliza tu. Wa kusema ni mwenye cheo peke yake.

"Upo," akasema.

"Ufunge mpaka Jumamosi watu wapige kura. Wapumzike kidogo. Wanachosha masikio."

"Masikio ya nani, mwenyekiti?"

Mwenyekiti akacheka kwa meno, macho hayakushiriki. "Baraza hili unalipenda?"

"Ndipo ninapokula."

"Ule basi. Kuna kijana wa vocha kaniomba nafasi hiyo hiyo uliyokaa. Nimemwambia, ngoja kwanza nizungumze na fundi, yule ni mtu wangu." Dirisha likafungwa polepole, kwa adabu, na hiyo ndiyo iliyomtisha.

Fundi akaitazama cherehani, akautazama ukuta uliomkinga jua miaka sita, akakitazama kidole. Akafunga.

Kimya kilichoanguka mtaani siku ile, kuku waliacha kutaga wakidhani jua limepatwa. Kisha watu wakaanza kumpigia simu. Fundi, kundi lina nini? Fundi, mbona siwezi kujibu? Akaizima simu, akaitumbukiza kwenye mfuko wa vipande vya vitambaa, akaukalia mfuko. Lakini makalio hayana subira. Akainuka, akakaa, akainuka. Alasiri ile alishona pazia la watu, akalishonea na mkono wa gauni lake mwenyewe, akagundua alipotaka kusimama.

Alhamisi, jua likianza kuinama, akamwona mkwewe anashuka na fimbo. Yule mama magoti yake yaligombana na njia tangu zamani. Alikuwa hashuki ila kwa msiba. Fundi akamkimbilia.

"Mama! Kuna nini?"

"Nikalishe kwanza. Simu yako imekufa?"

"Ina… chaji imeisha, mama."

"Na ya kundi nayo? Bomba limekohoa leo mchana. Nikaliwekea simu, likakohoa vizuri tu. Nikabonyeza kwenye ndoo ya bluu kama siku zote, inaniletea mstari wa maandishi. Mimi na maandishi tangu lini? Nikadhani bando. Nikakupigia, naambiwa hupatikani. Wengine siwajui kwa namba, nawajua kwa ndoo. Basi nikajaza kila chombo, mpaka glasi ninayolazia meno, kisha nikashika njia nije kusema kwa mdomo." Akavuta pumzi. "Mwanangu, maji yamenipita. Niko nusu ya mteremko nimeyasikia yanapita kwenye bomba chini ya nyayo zangu, yananicheka. Nimefika kwa muuza mkaa yameshakatika. Hakuna aliyekinga hata kikombe. Mtaa mzima."

Fundi akahesabu siku kwa vidole. Wiki nzima mbele, na ndoo kavu.

"Ulikuwa mtandao, mama," akasema.

"Mtandao."

"Ndiyo. Ulisumbua."

Mkwewe akamtazama kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. "Huo mtandao," akasema, "ulikuwa na mikono?"

Hakungoja jibu. Alishika fimbo yake akaanza kupanda, na alipokataa kusindikizwa, fundi alijua amejua.

Ijumaa asubuhi wa kwanza kufika barazani alikuwa muuza mkaa. Kwa kawaida hunawa kabla ya kutoka. Siku ile uso na bidhaa vilikuwa rangi moja.

"Nipe kitambaa changu."

"Bado sijakikata, dada."

"Ndiyo maana nakitaka. Gauni jipya juu ya mwili mchafu, si sawa na kupaka ukuta wa choo rangi?"

Akakikunja, akaenda. Akaja kinyozi kuchukua suruali zake. Akaja mama wa mapazia. Hawakutukana, na bora wangetukana. Kila mmoja alisimama, akanyoosha mkono, akaondoka na chake, na wengine walikuwa wamebeba ndoo tupu kana kwamba wanazitembeza zipunge hewa. Kufika saa sita, kwenye rafu ya fundi hapakuwa na kitu ila koti la marehemu mmoja ambaye naye, angeweza, angekuja kulichukua.

Fundi akazunguka cherehani. Akaizunguka tena. Baraza analo, ndiyo. La kushonea upepo.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa vipande, akaitoa simu, akaiwasha. Akaufungua mlango wa kundi, akabonyeza, akasema:

"Jamani, ni mimi. Haukuwa mtandao. Nimefunga mimi. Mwenyekiti aliniambia nifunge mpaka kura ipite, la sivyo nitoke barazani. Nikaogopa, nikafunga. Maji ya wiki hii nimeyamwaga mimi, na mama mkwe wangu nimemdanganya mchana kweupe. Haya, semeni."

Kisha simu ikatetemeka, ikatetemeka, ikatembea yenyewe juu ya meza mpaka ikagonga mkasi. Matusi yalikuwa ya kila kipimo, marefu kwa mafupi. Mmoja alimwita kizibo. Mwingine alitubu dhambi zake kwanza ndipo akamtukana, asichanganye. Fundi akasikiliza moja moja, hakuruka hata moja, mashavu yakimwaka.

Kisha ikaingia sauti ya mkwewe, ya polepole. "Mwanangu. Nimesikia. Hicho cheo ni kizito, kimekuvunja shingo ukiwa peke yako. Nigawie na mimi nikusaidie kubeba."

Ungekataaje? Fundi akampa.

Haukupita muda wa kuchemsha yai. Kundi lote likaona mwenyekiti wa mtaa ametolewa.

"Samahani sana jamani," ikasema sauti ya mkwewe. "Kidole kimeteleza. Si mnajua macho yangu." Baada ya kitambo ikaja tena: "Anayejua namna ya kumrudisha aje anifundishe. Ila leo nina shughuli. Na kesho pia."

Mtaa ulicheka mpaka vumbi likadondoka kutoka kwenye mapaa. Lakini fundi hakucheka, kwa sababu nyuma yake kiti kilikuwa kimekwaruza sakafu ndani ya ofisi. Mlango ukafunguliwa. Mwenyekiti akatoka, simu mkono mmoja, mkono mwingine karatasi yenye mhuri ambao bado ulikuwa unang'aa; alikuwa ametemea mate wino ukalainika.

"Fundi!" akafoka. "Fungasha! Sasa hi—"

Hakujua kwamba baraza limejaa. Watu walikuwa wamekuja mmoja mmoja, baadhi kumtukana fundi kwa mdomo baada ya kumtukana kwa simu, na sasa walisimama na ndoo zao kavu mpaka barabarani. Muuza mkaa aliinua simu yake akaielekeza. Kinyozi akainua yake. Zikainuka kumi, ishirini, zote zikimtazama kwa kijicho kile kimoja, na ndani ya kila moja mwenyekiti alikuwamo, mdogo, ameshika karatasi.

"Endelea, mwenyekiti," akasema muuza mkaa. "Sogea kidogo, sauti iingie vizuri."

Jasho likatoka chini ya kofia ya mwenyekiti, likatafuta njia. Fundi aliona karatasi inaanza kujikunja yenyewe, mara mbili, mara nne, ikaingia mfukoni.

"Nimekuja…" akasema mwenyekiti, akajitazama chini kutafuta lolote, "nimekuja na suruali. Inaburuta. Ipunguzwe."

"Aivue basi!" mtu akapiga kelele nyuma.

"Nyamaza, achague mwenyewe pa kuvulia, hili baraza ni la ofisi yake!"

Kicheko kikamwagika barazani. Fundi akapiga magoti kwenye vumbi, akachukua futi, akachukua pini tano akazibana kwa midomo, akakunja pindo. Hatoki barazani. Alilijua hilo sasa kama anavyojua jina lake. Hakuna mtu ambaye angethubutu kuleta tena karatasi ile mbele ya macho yale. Fundi angepaswa sasa kushusha pumzi.

Hapo muuza mkaa akaishusha simu kutoka kwenye uso wa mwenyekiti, taratibu, ikapita kiuno, ikapita goti, ikasimama juu ya fundi.

"Na wewe, fundi," akasema, akitabasamu, "hebu tuambie vizuri na sisi tuitunze sauti yako. Ulitufunga midomo siku ngapi?"

Zile simu nyingine zikageuka zikamfuata. Fundi, pini mdomoni, hakuweza kujibu. Akaendelea kubana pindo, akichungulia kwa pembe ya jicho kuona iwapo zimeshushwa.