Shangazi na Duara la Maboksi

"Shangazi, hivi hao vifaranga wanaokuja nao wakifa wote, utafanya nini?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa bado shule ya msingi, nimechuchumaa sakafuni chumbani kwake. Alitoa sindano ya gunia mdomoni, akasema, "Shika hapa, usiachie."

Shangazi ni dada mkubwa wa baba, fundi cherehani, na anaishi nasi. Kundi lake la kwanza la vifaranga liliisha lote kwa baridi. Aliwaweka ndani ya boksi la televisheni. Baridi ilipozidi wakakimbilia kwenye kona, wakapandiana, wa chini wakakosa hewa, wa juu wakaganda. Baba akatamka: "Dada, nakuheshimu, lakini wengine wakifa tena, mambo ya kuku ndani ya nyumba yangu basi."

Ndiyo maana safari hii hakutaka kona hata moja. Alikata maboksi vipande virefu, akaviunga kwa uzi wa gunia kama anavyounga kiuno cha sketi, mpaka likatokea duara. Mama akachungulia mlangoni.

"Wifi, umewapima kiuno kwanza?"

"Nimewapima, wametosha. Ni wewe tu uliyeishinda futi yangu."

Ndani tulimwaga maranda kutoka kwa seremala. Juu akaning'iniza taa kwa kamba ya kupandisha na kushusha. Kipimajoto hakuwa nacho, nikataka kujua atajuaje joto limetosha.

"Watasema wenyewe."

Kweli wakasema! Walipoletwa, walijibana chini ya taa wakipiga kelele; akaishusha. Wakakimbilia pembezoni wakihema midomo wazi, akaipandisha. Shusha, pandisha, mpaka shingo yangu ikauma kwa kutazama. Mwisho wakatulia, wengine wanadonoa, wengine wamejilaza kama walevi.

Kesho yake mchana mvua ikashuka na umeme ukakatika. Vilio vikaanza. Baba, sijui huruma aliitoa wapi, akaja na jiko la mkaa.

"Toa hilo!" Shangazi alimzuia mlangoni. "Chumba chenyewe kimefungwa, hewa yake itanimaliza hata mimi."

"Sasa tufanyeje?"

"Chemsha maji."

Alijaza maji ya moto kwenye chupa, akazifunga kwa vipande vya vitambaa vya kazini, akazilaza ndani ya duara, akatandaza shuka juu na kuacha upenyo wa hewa. Vifaranga wakazikumbatia chupa kama mama yao. Zikipoa, anabadilisha. Mgongo ukikaza, anajinyoosha, anaendelea. Mteja mmoja alibisha hodi kuulizia gauni lake, Shangazi akaitikia kutoka humo humo chumbani: "Sipo! Njoo kesho!"

Baba alikuwa mpishi wa maji. Kufikia jioni ndiye aliyekuwa anauliza, "Dada, ya upande huu si imepoa?" Umeme uliporudi, tulikuwa tumempoteza mmoja tu, yule aliyekuja mnyonge. Habari ya kufukuza kuku haikusikika tena.

Sasa niko sekondari. Shangazi ana banda nje, ila msimu wa baridi vifaranga bado wanaanzia chumbani kwake. Juzi tukiwa tunashona duara jipya, nikamkumbusha swali langu. Alivuta uzi, akaukata kwa meno.

"Wangekufa wote? Ningekaa chini nilie mpaka nichoke. Halafu ningeagiza wengine, na baba yako angetafuta pa kuhamia."