Shuka la Ndugu Wote

Nguo za kambi zilifuliwa pamoja kila Ijumaa, na Jumamosi zikagawiwa upya kwa kuangalia kimo cha mtu tu. Mwanamke angeweza kuliona gauni lake la harusi likishuka kisimani mwilini mwa mwenzake, na asiseme neno. Sekela alikwisha kuliona lake hivyo mara nyingi, na siku za mwanzo alifurahi kweli. Alijiambia kwamba moyo wake umepona uchoyo.

Kambi ya Ndugu ilikuwa kwenye mteremko juu ya Iyunga, Mbeya. Aliyeianzisha ni Yotamu, mwinjilisti kutoka Iringa, aliyeamini kwamba Wakristo wa kwanza hawakujua changu wala chako, na kwamba mtu mweusi hatasimama kwa miguu yake mpaka naye ajifunze hivyo. Wakalima shamba moja, wakapika chungu kimoja, wakaitana ndugu. Waliowacheka ni wale wenye ghala zilizojaa huku jirani anachemsha majani. Pale juu hakuna mjane aliyelala njaa, wala yatima aliyefukuzwa mlangoni. Hilo ni jambo kubwa, na lisemwe kwanza.

Sekela alifika pale baada ya kufiwa na mumewe, kwa kukataa kurithiwa na shemeji. Hakuwa na mtoto. Alileta ng'ombe wake, jembe na vyungu, akaapa mbele ya wote kwamba hataita kitu chochote chake tena.

Kiapo hicho hakikumlemea mpaka asubuhi ile Lutengano, mdogo wake, alipotokea na vumbi la njia ya Tukuyu miguuni. Alisimama nje ya uzio, hakutaka kuingia.

"Dada, mama ametutoka," alisema. "Njoo na shuka lako. Watu wataangalia mikono yako."

Sekela alielewa. Kwao, marehemu huvikwa kwa zamu. Mashuka ya watoto ndiyo hugusa mwili, ya wakwe hufuata, na ya majirani na wageni hukaa juu kabisa, upande wa udongo. Mzee wa ukoo hulipokea kila shuka, huuliza ni la nani, kisha hulitaja jina kwa sauti, ili marehemu amjue aliyemfunika. Sekela alikuwa mtoto wa kwanza. Mahali pake palikuwa ngozini mwa mama yake.

Ombi lake lilipelekwa mbele ya ndugu wote, na hakuna aliyenung'unika. Walimtolea shuka jeupe la merikani, jipya, lililokuwa limewekwa kwa ajili ya meza ya Bwana. Yotamu mwenyewe alilikunja na kumkabidhi. Akamwambia kwa upole kwamba akiulizwa, aseme ni la ndugu wote, na huo utakuwa ushuhuda kwa watu wa kwao.

Msibani wanawake walimpokea kwa kilio, kisha wakaanza kumtazama. Shangazi yake, ambaye hata matanga hayakuweza kumfunga mdomo, aliwaambia wenzake kwamba huyu ndiye aliyeolewa na kambi nzima. Akamgeukia: "Na hili gauni, leo umevalishwa la nani?" Wengine walicheka chini chini, wakarudi kulia. Sekela alilibana shuka kifuani.

Zamu ya watoto ilipofika, mjomba Anyitike, mzee wa ukoo, alinyoosha mikono.

"La nani hili?"

Lutengano alimsogelea sikioni. "Sema ni lako, dada. Nani atakwenda kuuliza Mbeya?"

Lilikuwa neno moja tu, na mama yake alikuwa pale, uso umefunuliwa, akiwa mdogo kuliko alivyomkumbuka. Sekela alifungua kinywa. Lakini aliapa mbele ya Mungu, na alikuwa mtu wa kushika alichosema.

"Ni la ndugu wote, mjomba."

"Ndugu gani?"

"Wa kambini."

Mzee alimwangalia kwa huruma. "Mimi nimekuuliza wewe, mwanangu. Wewe umemletea nini mama yako?"

Sekela alimkabidhi shuka. Mzee akaliweka kando. Lutengano akatajwa, na wadogo zake, na wakwe, na majirani. Mwisho kabisa mzee alilichukua lile merikani na kutangaza kwamba wageni wa kambi ya Mbeya nao wamemfunika. Jina la Sekela halikutajwa.

Aliporudi, ndugu walimkuta njiani, wakambebea mzigo wake, wakampa uji. Hakuna aliyemkosea. Jioni, kwenye sala, Yotamu alisimama na kumshukuru Mungu kwamba shuka lao limefika.

"Tumefiwa na mama yetu," alisema. "Tumlilie pamoja mama yetu—"

"Alikuwa wangu."

Vichwa viligeuka. Sekela mwenyewe alishtuka kuisikia sauti yake. Yotamu alimwuliza taratibu amesema nini.

"Mama alikuwa wangu, ndugu. Ninyi hata jina lake hamlijui."

Ilikuwa kweli. Yotamu alikifunga kitabu kilichokuwa mkononi. Hakumkemea wala hakumwuliza jina hilo. Alianzisha wimbo, na watu wakaimba wakitazama chini.

Kesho yake walikwenda kulima. Desturi ya kambi ilikuwa wanawake kulima tuta moja wawili wawili, na Sekela siku zote alilima na Severina, mama mtu mzima wa Iringa. Alipofika shambani, Severina alikuwa amekwisha kuingia kwenye tuta la wengine. La pembeni, refu, liliachwa zima bila mtu.

Hakujua kama wamemhurumia au wamemtenga. Severina hakuinua uso. Sekela alichukua jembe, lolote lililokuwa karibu, akaanza mwanzo wa tuta, na kila alipoinama alilitaja jina la mama yake chini kwa chini, mpaka mwisho.