Nilizichana Kanda za Mume Wangu kwa Sababu ya Video ya Mapenzi

Jina langu lifichwe, na hata majina nitakayotaja humu si yenyewe. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, kwetu ni Tabora, nimeolewa hapa Dodoma na tunaishi Miyuji. Tuna mtoto mmoja, Neema, wa miaka minne. Mimi ni karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali. Ukurasa huu tunaugombania gazeti likifika, na nimewahi kuwacheka sana wanaoandika humu. Leo ni zamu yangu.

Mume wangu ni fundi umeme, kwao Zuzu, na ugonjwa wake ni muziki. Hata kabla hatujapata kitanda cha maana alikuwa na redio kaseti kubwa na sanduku zima la kanda. Karibu kila kanda aliiandika herufi moja kwa kalamu nyekundu. Nilidhani ndivyo anavyojua ipi ni rumba na ipi ni taarabu.

Siku hizi maduka ya kuazimisha video yameota kila kona ya mji, nasi tuna deki, kwa hiyo Jumapili mchana marafiki huja kwetu kuangalia. Jumapili moja Daudi, aliyesoma na mume wangu, alileta video ya mapenzi ya kuchekesha, akawa anatutafsiria. Ndani yake kuna mtangazaji wa redio anayependa muziki kuliko chakula. Kila wimbo anaoupiga kazini ni wa mwanamke fulani aliyeachana naye, na mchumba wake yuko nyumbani anasikiliza, anatingisha kichwa, hajui lolote. Mwishoni mchumba anagundua, anamsamehe, wanaoana. Tulicheka mpaka machozi.

Kisha ubishi ukaanza. Jirani yangu Halima alisema yule dada ni mjinga, yeye angemwacha palepale. Daudi akasema wimbo hauna kosa, mtu hazaliwi upya kila akipata mpenzi mpya, na wanawake tunapenda kufukua makaburi. Mume wangu akamuunga mkono. Mimi nikasema, "Mwanamume anayempigia wimbo mwanamke wa zamani huku wa sasa anampikia, huyo anazini kwa masikio."

Wote walicheka isipokuwa Daudi. Maneno ya Halima yalikuwa yameshamchoma. Akasema, "Shemeji, unamtukana mtu wa kwenye video wakati mwenzake umekaa naye kochi moja. Muulize S ni nani."

"S ni nani, Baba Neema?"

"Stella. Mambo ya zamani hayo."

"Na wimbo wa harusi yetu ulitoka kanda gani?"

Daudi ndiye aliyejibu, "Ni wimbo wa Stella. Shemeji, mimi nilidhani unajua."

Ni wimbo tulioingia nao ukumbini, mama yangu analia kwa furaha. Na mume wangu, badala ya kuona aibu, alicheka mbele ya wageni. "Wimbo ni wimbo tu," akasema. "Usituharibie Jumapili."

Stella sijawahi kumwona, lakini jina lake nilikuwa nalijua. Mama mkwe wangu, kabla hajafariki, aliniambia usoni kwamba mkwe aliyemtaka ni Stella, mimi nimeletwa na treni tu.

Kesho yake mchana niliaga ofisini kuwa kichwa kinaniuma. Nikabeba lile sanduku mpaka uani, nikavuta utepe wa kanda moja baada ya nyingine nikiutupia kwenye michongoma. Upepo wa Dodoma mnaujua. Mume wangu aliporudi kutoka kazini, ua wote ulikuwa unapepea utepe wa kahawia.

Hakunipiga wala hakunitukana. Alipekua makasha matupu mpaka akapata moja, akakaa chini nalo. "Hii ilikuwa ya mama," akasema. Alikuwa amemrekodi mama yake akitwanga uwele na kuimba Kigogo, mwaka mmoja kabla hajafa. Sauti yake haipo kwingine kokote. Siku tatu alikuwa akiurudisha ule utepe kwa kalamu na kuunga vipande, lakini miiba ilikuwa imeukatakata. Ilisikika mikwaruzo tu.

Aliniuliza mara moja, "Uliona imeandikwa nini?"

"Sikuona. Nilikuwa na hasira, nilikuwa navuta tu."

Akaniamini.

Tangu siku hiyo kundi letu limevunjika. Halima anasema nilitenda haki. Daudi anatangaza kwamba mimi ni mchawi, nimemuua marehemu mara ya pili, nami nimemwambia asikanyage tena mlango wangu. Hata ofisini wameiazima ile video ili waamue nani mwenye kosa, na wanagombana kwelikweli.

Mume wangu ameita wazee. Mwisho wa mwezi baba yangu atafika kwa treni, na baba yake mdogo atatoka Zuzu. Anataka kukiri mbele yao habari ya ule wimbo na kuniomba radhi. Juzi aliniambia, "Mama Neema, kanda ya mama ilikuwa bahati mbaya. Kosa ni langu, nilikucheka mbele za watu."

Hili sijamwambia mtu, hata Halima. Niliona. Kanda ile haikuwa na herufi, iliandikwa "Mama", na niliishika muda wa kutosha kusoma mara mbili. Nikasema moyoni, na wewe mfuate Stella wako. Ndiyo niliyoivuta kwa nguvu kuliko zote.

Hasira na mume wangu bado ninayo, na yule mama bado sijamsamehe. Nikisema ukweli, najua baba yangu atarudi Tabora na mimi. Nikinyamaza, mtu niliyemzika mama yake mara ya pili atainamisha kichwa mbele ya wazee aniombe mimi msamaha, nami nitajibu kwamba nimemsamehe. Wasomaji, msinionee huruma, nishaurini tu. Niseme, au ninyamaze?