Beringi ya Upande wa Baba

Nilipolinunua gari la spoti la milango miwili, Karatu nzima ilijua kabla sijamwambia mama. Lilikuwa jekundu, limeshatumika, na liko chini kiasi kwamba siku ya mnada mfugaji mmoja aliyeteremka kutoka Nainokanoka aliinama dirishani, akanisalimia kwa adabu, kisha akauliza kama gari limesimama au limekaa. Nilimwambia limekaa. Akasema likinyanyuka nimwite aje alione.

Baba hakucheka. Alikuwa dereva wa watalii kwa miaka zaidi ya thelathini, akishuka na kupanda kreta ya hifadhini na magari marefu ya safari, na kwake gari lisiloweza kuvuka korongo la Endabash lilikuwa pambo tu. Lakini lilipoanza kuvuma nilimpelekea yeye, kwa sababu mjini kwetu kila mwenye gari linalotoa sauti asiyoielewa alimpelekea yeye. Alishastaafu, mgongo umechoka, macho yanadai miwani. Sikio lake tu ndilo lililokuwa bado linaheshimika. Mafundi walimfuata nyumbani, wakamkalisha kiti cha abiria, wakaendesha, naye akataja ugonjwa. Akirudi alitembea kama mtu aliyetoka kuhubiri. Hicho ndicho kilichokuwa kimebaki cha kazi yake, na sote nyumbani tulikilinda, hata mama, ambaye alimtania kwa kila kitu kingine.

Tulishuka naye hadi Mto wa Mbu, tukageuza. Gari likishika kasi, uvumi ulianza, kama mtu anayesaga mahindi chumba cha pili. Kwenye kona za mlima nilipokata kushoto sauti ilikua, nilipokata kulia ikafifia. Baba mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba ukikata kushoto gari linaegemea kulia, kwa hiyo beringi ya gurudumu inayolia wakati huo ni ya kulia. Nikasubiri aseme.

"Ya mbele, kushoto," akasema.

"Kushoto, baba?"

"Iko hapa miguuni kwangu. Wewe endesha."

Niliendesha. Nilijiambia kwamba labda magari ya chini hivi yana sheria zake.

Fundi wa gereji tuliyokwenda alikuwa rafiki yake wa miaka mingi, babu mwenye wajukuu tayari, lakini mbele ya baba alisimama kama mwanafunzi. Baba akamwagiza afungue gurudumu, apake grisi, akaze nati, kama walivyofanya kwenye magari ya safari maisha yao yote. Fundi akamweleza taratibu kwamba beringi hii imezibwa kiwandani, haipakwi kitu. Ikichoka inang'olewa kwa mashine ya presi na kutupwa. Baba akasema kitu kisichopakwa grisi hakikutengenezwa na mtu mwenye akili, kisha akaenda kunywa chai.

Beringi mpya ikaja na basi kutoka Arusha. Fundi alipiga jeki upande wa kushoto, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Likazunguka kimya kabisa. Akalitazama, akanitazama mimi, akashika spana. "Haya, tunafungua kushoto," akasema, akabadilisha beringi isiyo na ubovu wowote.

Kesho yake gari lilivuma vilevile. Nilirudi gereji peke yangu nikiwa nimekasirika.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ukafungua?"

"Mzee alisema kushoto. Angesema iko kwenye buti, ningefungua buti."

Kisha akashusha sauti, akaniambia. Sikio la kulia la baba lilikuwa limekufa. Miaka yote ile dirisha la dereva lilikuwa wazi, upepo na vumbi na mngurumo vikimpiga upande huo. Sasa kila sauti duniani ilimjia kutoka kushoto. Madereva wenzake wote walijua, na hakuna aliyemwambia, maana wangeanzia wapi?

Kanisani mama hukaa kulia kwake. Kwa miaka miwili alilalamika kwamba mume wake amemnunia, akiongea hajibiwi, nasi tukacheka. Nilicheka kuliko wote. Niliona aibu mpaka nikakaa kwenye tairi bovu lililokuwa pale.

Fundi alipendekeza tudanganye. Angebadilisha ya kulia siku baba hayupo, tuseme ile mpya ya kushoto ilikuwa mbovu kutoka dukani. Nusura nikubali. Lakini kila Jumamosi baba alipakia wajukuu kwenye pikapu na kuwapeleka shambani Endabash, na pikipiki za barabara ile hupita upande wowote zinaotaka. Nisingeweza kulilinda sikio lake nikawaacha watoto.

Nikampeleka gereji. "Baba, bado inalia," nikasema, nikiwa nimesimama kushoto kwake.

Alilizunguka gari taratibu mpaka upande wa dereva. Kisha akamwambia fundi apige jeki upande wa kulia. Hakuinama kusikiliza. Aliingiza mkono nyuma ya gurudumu, akaweka kiganja kwenye springi, akaamuru lizungushwe. Akafumba macho. Halafu akanivuta mkono, akauweka pale pale. Chuma kilikuwa kinatetemeka, mtetemo wa kukwaruza, kama kuna mchanga ndani.

"Unaisikia?"

"Naisikia, baba."

"Hiyo ndiyo yako." Hakuutoa mkono wake. "Sikio la huku sina. Tangu kabla hujanunua hiki kiatu."

"Mama anajua?"

"Mama yako anajua nina kiburi. Yote mawili yangemzidi."

Fundi alijifanya anatafuta spana iliyokuwa mkononi mwake.

Beringi ya kulia ilipotoka ilikwaruza hata kwa kidole. Tukafunga nyingine, tukaingia barabarani kuelekea geti la hifadhi, mimi nikiendesha, baba upande wake. Nilikata kushoto, nikakata kulia, nikaongeza mwendo kwenye sehemu iliyonyooka.

"Upande wangu kimya," akasema. "Wa kwako je?"

Sikuwahi kumsikia baba akimwuliza mtu mwingine gari linasemaje. Nilisikiliza kwa makini kuliko nilivyowahi kusikiliza kitu, kwa kuogopa kumjibu vibaya.

"Kimya, baba."

Akatikisa kichwa kukubali. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za pikapu, akaziweka kando ya gia.

"Jumamosi utawapeleka wewe watoto shamba," akasema. "Mimi nitakaa kushoto."