Mnyororo Alioufanyia Kazi Fundi Silima

Fundi Silima alikuwa mtu wa majivuno, na nasema hivi huku nikimpenda. Tulikaa Miembeni, huku kwetu Ng'ambo, uani kwake na uani kwangu pametengwa na ukuta mfupi wa udongo. Miaka kumi na miwili nilishona kanzu zangu nikisikia jiwe lake likikwaruza upande wa pili. Mapanga, mashoka, visu vya wachinjaji, misumeno ya wapasua mbao, vyote vilipita mikononi mwake.

Jiwe lenyewe lilikuwa la duara, limefungwa juu ya benchi, lina mkono wa kuzungushia. Mmoja huzungusha, mwingine hushika chuma. Mzungushaji wake alikuwa binti yake, Mwanakheir, tangu mamake alipofariki. Hata alipokwisha kuolewa, siku za kazi nyingi alikuja kumsaidia baba yake, maana Silima alishikilia kwamba hakuna mwingine anayejua mwendo anaoutaka.

Majivuno yake yalikuwa haya: kwake halitoki jino butu. Akimaliza msumeno hupitisha kidole gumba jino baada ya jino, na akikuta moja limelala huanza upya, mwenye msumeno apende asipende. Siku moja alimfuata mpasua mbao mpaka karibu na Mwembeladu, anahema, ili amrudishe kwa ajili ya jino moja. Tulimcheka wiki nzima. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Mwaka ule wa hamsini na saba, watu wote vinywa vimejaa siasa, mkwewe Usi, mume wa Mwanakheir, alipata kazi shamba moja upande wa Dole. Mikarafuu ilikuwa ikifa kwa maradhi, mti unakauka wote umesimama, na tajiri wa shamba akaleta msumeno wa mashine ili iangushwe upesi. Ni msumeno wa petroli, wenye mnyororo wa meno unaozunguka. Usi ndiye aliyefundishwa kuushika, na akaringa nao kidogo, kama kijana yeyote angeringa. Mkewe alikuwa na mimba.

Alasiri moja Usi akaja kwa mkwewe na ule mnyororo ameufunga ndani ya gunia. Alikuwa ameugongesha kwenye jiwe lililofichwa na shina, na meno yote yamekufa. Alimwogopa msimamizi wake, mtu mmoja aitwaye Borafya, asije akamwondoa kwenye mashine.

"Nitilie makali, baba," alimwambia Silima. "Kesho alfajiri nnaurudisha, hajui mtu."

Silima hakuwahi kuona kitu kile. Aliutandaza benchini, akautazama, akafurahi kama aliyeletewa biriani. Mwanakheir akashika mkono wa jiwe, kazi ikaanza. Meno makubwa, yale yaliyopinda, aliyanoa vizuri sana, taratibu, chuma kisipate moto. Kisha akaona kwamba mbele ya kila jino kuna kinundu kifupi kisicho na makali yoyote.

Nilikuwa napiga pasi upande wangu, na waliyosemezana niliyasikia.

"Hivyo nadhani vilikuwa hivyohivyo tangu mwanzo, baba," Usi alisema. "Bora tusiviguse."

"Jino lisilokata la kazi gani?" Silima akajibu. "Jiwe lako ndilo lililoviua. Unataka nikupe msumeno nusu makali nusu mabutu? Mimi? Zungusha, mwanangu."

Jiwe likaendelea kukwaruza. Alivichonga vyote, kimoja kimoja, mpaka vikawa na ncha, akapitisha kidole gumba mnyororo mzima, akaridhika. Usi alimbusu mkono akaenda zake.

Kesho yake kabla ya adhuhuri walimleta Usi kwa lori, amefunikwa mkeka. Msumeno ulikuwa umeuma mti kwa pupa, ukaruka nyuma ukampata paja. Damu iliisha kabla hawajafika mjini. Tulimzika alasiri ileile, na Silima aliingia kaburini mwenyewe kumpokea. Wakati ule aliamini ni siku yake tu imefika, na mimi pia niliamini hivyo. Mwanakheir akakaa eda nyumbani kwa baba yake, na kwa kuwa ana mimba, eda yake ingekwisha siku atakayojifungua.

Haukupita mwezi, Borafya akapiga hodi. Mikononi ana mnyororo mwingine, mpya, umegusa mchanga kidogo tu. Aliyeshika mashine baada ya Usi hakujua kunoa.

"Shikamoo, Mzee Silima."

"Marahaba."

"Nimeambiwa hakuna mnoaji kama wewe. Lakini hivi vinundu, nakuomba, usiviguse. Ndivyo vinavyolizuia jino lisizame likala mti kupita kiasi. Ukivipunguza, msumeno unamrukia mtu." Akashusha sauti, ingawa si sana. "Marehemu mkweo, Mungu amrehemu, alivichonga vyote kama sindano. Sijui alikwenda kufanyia wapi ujinga ule. Amejiua mwenyewe kwa uzembe wake."

Silima aliushika ule mnyororo mpya. Vinundu vyake vilikuwa butu, vyote, na haujagonga jiwe lolote. Aliurudisha mikononi mwa Borafya, akasema macho yake siku hizi hayaoni vizuri.

Jioni ile alinijia dukani, akakaa juu ya kitambaa cha mteja bila kuona, akanieleza. Nikamwambia anyamaze. Ndiyo, mimi nilimwambia, na sioni haya kulitaja. Nilimwambia, mtoto wa watu keshakufa, hakuna utakachomrudishia. Na mkono wa jiwe aliushika nani? Unataka Mwanakheir, na tumbo lile, ajue kwamba mumewe aliuawa na kazi aliyoizungusha yeye?

"Mjukuu wangu atazaliwa aambiwe baba yake alikuwa mjinga," alisema. "Na mjinga ni mimi."

Siku tano alihangaika na jambo lile. Hakunoa kitu, alisema jiwe limepata ufa, na halikuwa na ufa wowote. Siku ya sita, baada ya sala ya alasiri, watu wako kwa muuza kahawa wanabishana habari za vyama, mmoja akamtaja Usi kwa kejeli, kwamba kuna watu wanapewa mashine na akili hawana. Silima akasimama. Alikisahau kikombe mkononi, kahawa ikamwagika kanzuni, kanzu niliyomshonea mimi.

"Usi hakuwa mzembe," alisema. "Mnyororo ule niliunoa mimi. Nilikuwa peke yangu, na niliuharibu peke yangu. Atakayemsema tena, aniseme mimi."

Mtu mmoja akavuta uradi wa kumwombea marehemu. Silima akaondoka, nami nikamfuata kwa mbali, maana nilijua anakwenda wapi: maneno ya pale huingia kila nyumba kabla ya magharibi, na alitaka binti yake ayasikie kwake kwanza.

Nilisimama uani kwangu, karibu na ukuta. Sikujificha, wala sikukohoa.

"Mwanakheir."

"Naam, baba."

Akamweleza. Vinundu, Borafya, yote. Akamaliza kwa ule uongo wake, kwamba kosa ni lake peke yake, hakuna mwingine aliyehusika, na watu wameshajua hivyo.

Nilidhani atalia.

"Baba, Usi alisema tusiviguse," Mwanakheir alisema. "N'lisikia. Nikataka kusimamisha mkono, nikaona utaudhika, nikazungusha."

Nilingoja Silima amkatalie, amwambie mkono wake hauna kosa. Nilimngoja kwa moyo wangu wote, na hakumkatalia.