Mafunzo ya Getini

Kosa langu lilikuwa kujua Kiswahili. Wenzangu wa chuo waliotafuta intanshipu, ile kazi ya likizo ya wanachuo, walisema neno hilohilo, intanshipu, na kila mlinzi kutoka Mbale hadi Jinja aliwaelewa. Mimi nikalitafsiri.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kwetu ni Mbale, chini ya mlima Wanale, na mama yangu, muuza vitambaa sokoni, aliniita mwali, ingawa ni mvulana, tangu nilipomaliza sekondari, kwa jinsi nilivyojifungia ndani kama bibi harusi anayesubiri kutolewa. Hata chuo nilichagua cha mjini hapohapo ili niwahi kurudi kula. "Mwali ametoka," aliwaambia wateja akiniona barabarani, "mpisheni." Basi chuo kilipotutangazia kwamba asiyepata mahali pa kufanyia kazi likizo ile atarudia mwaka, wote nyumbani walinitazama kwa huruma, isipokuwa mama. Yeye alicheka.

Nilianza na viwanda vya Mbale kwa sababu vilikuwa karibu na chakula. Kila mahali waliniambia niache namba ya simu. Niliacha. Nikalala na simu kifuani, na waliopiga ni watu wa kuuza vifurushi vya intaneti. Ndipo shangazi yangu anayekaa Budondo, nje ya Jinja, akasema kuna kiwanda cha mafuta ya kupikia kinachopokea wanafunzi, nije nilale kwake. Mama alinifungia chapati utadhani naenda Hija.

Kwenye geti la kiwanda nilikuta vijana wamesongamana, kila mmoja na bahasha yake. Mkuu wa walinzi alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka kaskazini, mrefu, mwenye uso usiotoa mkopo. Walimsemesha Kisoga, lugha ya Jinja, akatazama mawingu. Walimsemesha Kiingereza, akatazama viatu vyao. Nikajua ufunguo wa geti lile ninao mimi. Wengi Uganda wakisikia Kiswahili wanakumbuka askari na mijeledi. Sisi Waislamu wa Mbale tunakumbuka duka na madrasa. Nikanyoosha mgongo.

"Afande, habari ya kazi. Nimekuja kuomba nafasi ya mafunzo."

Akageuka mwili mzima. "Wewe nataka mafunzo?"

"Ndiyo, afande."

"Ya kweli, ama ya kucheza?"

"Ya kweli, afande. Nimejiandaa."

Akanikagua kuanzia kola hadi viatu vya kuchongoka nilivyoazima kwa binamu. "Mtoto ya mama," akasema, si kwa ubaya. "Ingia. Pita nyuma ya stoo."

Niliwapita wenzangu kama waziri. Sikugeuka kuwatazama. Labda niligeuka kidogo.

Nyuma ya stoo nilikuta vijana wamevua mashati, nikadhani ni wapakiaji wa mizigo. Kisha afande akaja na filimbi, akatamka "mguu sawa", na mwili wangu ukaelewa kabla ya akili. Siku ile kiwanda kilikuwa kinaajiri walinzi wapya, na kwa mtu aliyeishi kambini tangu ujana, mafunzo ni kitu kimoja tu.

Mtu mwenye akili angesema palepale. Lakini ningesemaje? Kwamba Kiswahili nilichojivunia ndicho kilichoniponza? Niliona aibu kusema, nikachagua aibu ya kukimbia.

Tukaizunguka stoo. Tukaruka kichura. Bahasha yenye barua ya chuo niliing'ata kwa meno isipate vumbi.

"Wewe ya viatu ya harusi," afande akaita. "Hiyo chura gani? Chura naruka. Wewe nakaa kama nauza nyanya."

Kijana wa mbele yangu alicheka hadi akaanguka, akaongezewa mizunguko kwa ajili yangu. Alinitazama kila alipopita.

Mwishowe akatoka mama mmoja wa ofisi ya wafanyakazi, aje kuwaona waliofaulu. Akaiona bahasha. Akaitoa mdomoni mwangu polepole, kama kwa mtoto aliyeokota kitu, akasoma barua.

"Wewe ni wa chuo?"

"Ndiyo, madam."

"Sasa huku unafanya nini?"

Sikuwa na pumzi ya kudanganya. "Niliomba mafunzo."

Afande alisimama na filimbi yake mkononi, akilipima lile neno. Halafu akacheka, na waajiriwa wake wakapata ruhusa ya kucheka.

Madam hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Wanafunzi tumewachukua asubuhi hii," akasema. "Walikuwa pale getini. Nafasi zimekwisha."

Wale niliowapita kama waziri.

Nikaona mwaka wangu ukirudi mwanzo, nikamwona mama sokoni akiwaambia watu mwali ameshindwa hata kutolewa. Kwa mara ya kwanza siku ile nikasema nilichokusudia. "Madam, nasomea usimamizi wa wafanyakazi. Walinzi si wafanyakazi? Niwekeni kwao."

Akamtazama afande. Afande akajikuna kidevu. "Kukimbia huyu hapana jua," akasema. "Lakini zamu ya watu nasumbua mimi kila wiki. Acha abaki."

Nikabaki likizo nzima, ndani ya sare iliyonizidi mabega, nikipanga zamu za walinzi, nikishika geti palipopungua mtu, na kusuluhisha nani kamwachia nani geti bila kuaga. Mama alipiga simu.

"Ofisi yako inatazama wapi?"

"Barabarani, mama."

"Ina hewa?"

"Ya kutosha."

Nilisikia akimwambia mteja kwamba mwanawe ana ofisi ya mbele.

Kisha mwalimu wangu wa chuo akaja kunikagua, maana bila saini yake likizo yote ilikuwa bure. Gari likasimama getini. Akateremsha kioo bila kunitazama. "Fungua. Nina mwanafunzi ofisini humu."

Pale ndipo pa kusema ni mimi. Nilishusha kofia, nikafungua. Akaingia, akaegesha gari, akaelekea ofisini kumtafuta mwanafunzi wake, nami nikafunga geti nyuma yake.

Madam alimrudisha getini mwenyewe. Mwalimu aliitazama kofia, akatazama chini yake.

"Si wewe uliyenifungulia?"

"Ni mimi, mwalimu."

"Mbona ulinyamaza?"

Nikavua kofia. Akakaa kwenye benchi la walinzi, akaniuliza maswali huku malori yakipiga honi: zamu zinapangwaje, anayechelewa anafanywaje, mgonjwa anajaziwa na nani. Yale niliyajua. Nilijibu nikitazama viatu vyangu, na afande alisimama wima pembeni kana kwamba anayetahiniwa ni yeye. Mwalimu akatia saini.

"Umefaulu," akasema, akaingia garini. Halafu akangoja. Nilimshukuru, na yeye akaendelea kungoja, mpaka afande akanigusa bega. Geti lilikuwa bado limefungwa, na kazi ya kulifungua ilikuwa yangu.